Joy Adamson wa Meru: aliwaelewa simba, akashindwa na watu

Kwetu Pwani ukitaja Meru watu hufikiria miraa. Ukitaja Embu hufikiria muguka, na hapo hapo mabishano huanza: mmoja anataka ipigwe marufuku, mwengine anauliza vijana wanaoiuza watakula nini. Mambo hayo yametufanya tuzione sehemu zile mbili kama shamba moja kubwa la majani ya kutafuna. Leo naomba tuyaweke kando, kwa sababu kuna kitu chengine kinachotuunganisha na watu wa huko, nacho ni cha zamani kuliko gunia lolote la miraa.

Kitu hicho ni Mto Tana. Maji yanayoteremka kutoka Mlima Kenya hupita kwenye mabwawa ya umeme ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mipakani mwa Embu, kisha hupita kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Kutoka huko huteremka Garissa, Hola na Garsen mpaka yaingie baharini Kipini. Mpokomo anayepanda mpunga wake kandokando ya mto anatumia maji yaliyokwisha kunywewa na ndovu wa Meru.

Ndani ya mbuga hiyo kuna mto mdogo uitwao Ura, unaomwaga maji yake Tana. Kando ya Ura kuna kaburi la mawe. Aliyezikwa humo ni simba jike aliyeitwa Elsa, na pamoja naye yamo majivu ya bibi mmoja wa Kizungu aliyemlea, Joy Adamson. Ni bibi huyo ninayetaka kuwasimulia leo, wasomaji wangu, maana jina lake wengi tumelisikia na maisha yake wachache wanayajua.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao leo unaitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Cheki. Wakati huo sehemu ile ilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Jamaa zake walikuwa watu wenye uwezo, na likizo zake za utotoni alizipitisha katika nyumba kubwa ya shamba iliyozungukwa na msitu, mahali ambapo watu wazima walikwenda kuwinda. Yeye mwenyewe alipokuwa msichana alimpiga risasi paa dume katika msitu ule, na alipomwona amelala chini akaapa hataua tena mnyama kwa ajili ya kujifurahisha.

Wazazi wake walitengana angali mtoto, akaenda kulelewa na bibi yake mjini Vienna. Huko alijifunza piano, ushonaji na uchongaji, na kwa muda akafikiria kuwa daktari. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mtu mwenye asili ya Kiyahudi. Kivuli cha Wanazi kilipoanza kuifunika Austria, mume huyo alimtuma mkewe Kenya mwaka 1937 atazame kama wangeweza kuhamia. Melini bibi akakutana na Mswisi mmoja, mtaalamu wa mimea, Peter Bally. Walipofika nchi kavu ndoa ya kwanza ilikuwa imekwisha moyoni, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Ni Bally aliyempa jina la Joy, maana yake furaha.

Bally alikusanya mimea, Joy akaichora. Alichora maua ya nyika na ya milimani mamia kwa mamia, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kikamtunuku nishani ya dhahabu. Kisha serikali ya kikoloni ikampa kazi nyengine: kuchora sura na mavazi ya jadi ya makabila ya Kenya kabla hayajapotea. Miaka yote ile alizunguka na rangi zake. Alichora wazee wa Meru na wachezaji ngoma wa Embu, na alipoteremka huku kwetu akachora watu wa Pwani na samaki wa matumbaweni. Picha zake za watu zinafika mamia kadhaa, na nyingi zimehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Hata asingemwona simba maishani mwake, kwa picha hizo tu angestahili kukumbukwa.

Ndoa ya Bally nayo haikudumu. Krismasi ya mwaka 1942, mjini Garissa, Joy alikutana na George Adamson, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1906 na kuja Kenya mwaka 1924. George alikuwa amejaribu kazi nyingi, kuanzia kutafuta dhahabu mpaka kuuza mbuzi, kabla ya kuwa afisa wa wanyamapori wa jimbo lote la kaskazini. Walioana Januari 1944, wakaweka makao yao Isiolo. Kaskazini watu walikuja kumwita George Baba ya Simba.

Tarehe 1 Februari 1956 George alikuwa safarini kumsaka simba aliyekuwa akisumbua watu. Simba jike akamrukia, naye akampiga risasi akafa. Baadaye ndipo walipogundua kwamba mama yule alikuwa akiwalinda wanawe. Mapangoni mlikuwa na watoto watatu, wote wa kike, hata macho hayajafunguka sawasawa. George akawabeba nyumbani. Joy, ambaye hakujaliwa mtoto, akawapokea. Wawili walipokua wakapelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Aliyebaki alikuwa yule mdogo kuliko wote, naye ndiye Elsa.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wa Lamu wana haki ya kujivunia. Elsa aliletwa kuogelea katika bahari yetu. Akina Adamson walimchukua mpaka pwani ya Wabajuni, kaskazini kule karibu na mpaka wa Somalia, wakapiga kambi ufukweni. Simba aliyezaliwa nyikani akakimbizana na kaa mchangani na kuyazoea mawimbi. Fikiria wavuvi wanarudi na mashua, wanamkuta simba anaoga pamoja na bibi wa Kizungu. Siku hizi watu hulipa pesa nyingi waone simba kwa mbali ndani ya gari.

Lakini simba si paka. Elsa alipokomaa palikuwa na njia mbili tu: kumpeleka Ulaya akafungiwe kama dada zake, au kumfundisha kuwinda na kumwachilia. Watu wengi wakati huo waliamini la pili haliwezekani, kwamba mnyama aliyelelewa na binadamu hawezi tena kujitegemea. Joy na George wakalijaribu. Mara ya kwanza walimpeleka upande wa Mara, akaugua. Ndipo wakamleta Meru, kwenye bonde la Ura, mahali penye maji, kivuli na windo. Huko Elsa akajifunza kuua, akapata dume, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu: Jespah, Gopa na Elsa Mdogo. Kilichowashangaza watu wa elimu ni kwamba aliwaleta watoto wake kwa Joy awaone, kisha akarudi nao porini.

Mwaka 1960 Joy alitoa kitabu chake, Born Free. Kikauzwa kama sambusa za Ramadhani na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Filamu ikafuata mwaka 1966, na muziki wake ukatwaa tuzo mbili za Oscar. Elsa mwenyewe hakuona lolote katika hayo. Alifariki tarehe 24 Januari 1961, kwa maradhi yanayoletwa na kupe, akiwa karibu kutimiza umri wa miaka mitano. Wakamzika palepale kando ya Ura.

Nilifika kwenye mbuga hiyo kupitia Maua na vilima vya Nyambene, kwa njia inayoteremka kutoka mashamba ya miraa mpaka kwenye joto la tambarare. Aliyezaliwa Pwani anapofika chini hajihisi mgeni. Kuna mibuyu, kuna mikoche imejipanga kando ya vijito kama minazi ya Kipini, na kuna joto la kuvua shati. Kuna pia mbung'o wanaouma hata juu ya nguo. Watu hawajazani huko kama Mara, na unaweza kwenda mwendo mrefu bila kukutana na gari jengine.

Wanaotaka kuona nyumba ya Joy wenye mji kama tuujuavyo, yenye baraza, piano na bustani inayoelekea maji, huenda Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha. Ni nyumba nzuri aliyoinunua baadaye, na sasa ni makavazi. Lakini baada ya kutembea Meru naona nyumba yake hasa ilikuwa hii isiyo na ukuta. Chini ya kilima cha Mughwango ndipo George alipopiga kambi yake kuanzia mwaka 1965, akiwafundisha uwindaji simba watatu waliobaki kutoka kwenye filamu, Boy, Girl na Ugas. Leo juu ya kilima kile kuna hoteli ya kitalii yenye jina la Elsa. Kwengineko katika mbuga hiyo hiyo Joy alikuwa na kambi yake mbali na mumewe, akimrudisha porini duma jike aitwaye Pippa. Mume na mke, kila mmoja na wanyama wake, kila mmoja na moto wake wa jioni. Hawakupeana talaka, lakini ugomvi wao ulikuwa mwingi na kuishi pamoja kuliwashinda.

Nikiwa nje ya mbuga, kabla ya kuingia, nilikaa na mzee mmoja wa sehemu hizo kibandani tukinywa chai. Nilimwamkia shikamoo, akaniuliza natoka wapi. Aliposikia Mombasa akacheka, akataka kwanza kujua miraa huko inauzwa bei gani siku hizi. Nilipomuuliza kuhusu simba wa bibi yule, akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfahamisha mwanawe, kwamba kwa mzungu simba ni picha, na kwa mfugaji simba ni hesabu ya mbuzi asubuhi.

Maneno ya mzee yule yana ushahidi katika maisha ya Joy mwenyewe. Elsa alipokufa, watoto wake walikuwa hawajui kuwinda vizuri. Wakaanza kuvamia mazizi ya watu wa jirani. Wenye mbuzi wakajitetea kwa walichokuwa nacho, na Jespah akapigwa mshale ukabaki mwilini. George alilipa fidia ya mifugo iliyouawa. Mwishowe, mwaka 1961, ilibidi wale simba watatu wategwe na kupelekwa Serengeti, Tanganyika. Kwenye filamu hadithi inaisha kwa furaha, na mbuzi wale hawaonekani.

Kuna jengine ambalo husahaulika. Ardhi ile haikuwa mali ya Elsa wala ya akina Adamson. Ni baraza la Wameru lenyewe lililokubali kuitenga iwe hifadhi ya wanyama, na pesa za vitabu vya Joy zikasaidia kuitunza. Mwaka 1966 ikatangazwa kuwa mbuga ya kitaifa, kilomita za mraba 870. Kwa hivyo mbuga ile ina wazazi wawili. Mmoja ni bibi aliyetoa pesa na jina, na mwengine ni jamii iliyotoa malisho yake. Dunia imemjua mzazi mmoja tu.

Miaka iliyofuata haikuwa ya furaha kama jina lake. Mwaka 1969 Joy alipata ajali ya gari, mkono wake wa kulia ukaumia vibaya. Kwa mchoraji na mpiga piano, hayo ni msiba. Mwaka huo huo Pippa akafa, akazikwa Meru. Simba Boy naye akamuuma mtoto mdogo wa mkuu wa mbuga, na George akatakiwa aondoke na simba wake. Mwaka 1970 akahamia Kora, ng'ambo ya Tana. Kora iko ndani ya Kaunti ya Tana River, yaani kwa hesabu ya leo ni sehemu ya Pwani. Huko mwaka uliofuata Boy alimuua mfanyakazi wa kambi, na George akalazimika kumpiga risasi simba aliyemlea. Agosti 1989 George mwenyewe aliuawa na majambazi wenye bunduki alipokuwa akienda kumwokoa mgeni wake. Kaburi lake liko hukohuko Kora.

Joy alikwisha kumtangulia. Alikuwa katika hifadhi ya Shaba, karibu na Isiolo, akimlea chui jike, alipouawa tarehe 3 Januari 1980, siku chache kabla ya kutimiza miaka sabini. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba, na dunia nzima ikaamini kwa sababu ilifanana na hadithi. Uchunguzi ukaonyesha jeraha la silaha yenye ncha. Kijana aliyekuwa mfanyakazi wake, ambaye walikosana na kuachishwa kazi, alishtakiwa na kupatikana na hatia mwaka 1981. Hakunyongwa kwa sababu haikuthibitika kwamba alikuwa ametimiza umri wa mtu mzima. Majivu ya Joy yaliletwa Meru, mengine yakawekwa kaburini kwa Elsa na mengine kwa Pippa.

Mauaji hayana udhuru, na simpi udhuru aliyemuua. Lakini waliomjua Joy, wakiwemo waliompenda, walisimulia hasira zake na jinsi wafanyakazi walivyoingia na kutoka kambini kwake. Mwanamke aliyekuwa na subira ya kungojea miezi mizima simba ajifunze kuwinda, hakuwa na subira hiyo kwa mpishi wake. Nalisema hili bila kumchukia. Binadamu ana pande mbili, na Joy pande zake zilikuwa mbali sana moja na nyengine.

Na wapo wale ambao kitabu chake kinawataja kisha sisi tukawasahau. Nuru, aliyekuwa mtunza bustani, ndiye aliyepewa kazi ya kukaa na Elsa mchana kutwa alipokuwa mdogo. Makedde, askari wa wanyamapori, alitembea na simba yule porini akiwa na bunduki begani. Walimjua Elsa kabla dunia haijamjua. Watoto wetu shuleni wakifundishwa hadithi ya Elsa, na majina hayo mawili yatajwe pamoja na la Joy.

Mbuga yenyewe nusura ife baada yao. Miaka ya themanini majangili waliimaliza. Mwaka 1988 waliwaua faru weupe watano waliokuwa wakilindwa karibu na makao makuu ya mbuga, na watalii wakakimbia. Kufufuka kwake kulianza kwenye mwanzo wa karne hii, pale shirika la wanyamapori, KWS, na wafadhili walipoleta tena ndovu, faru na wanyama wengine. Na mkuu wa mbuga aliyeongoza kazi hiyo alikuwa yule yule aliyeumwa na Boy alipokuwa mtoto. Leo faru wana eneo lao lenye ulinzi, na nimewaona kwa macho yangu wakichunga kama ng'ombe wa mtu tajiri.

Kwa nini nawaletea haya Pwani? Kwa sababu nasi tuna mbuga zetu, na tuna mazizi yetu. Taita Taveta ndovu hula shamba la mwaka mzima kwa usiku mmoja. Lamu na Tana River wafugaji wanaishi na simba na fisi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema aliyeuawa na mnyama, jamaa zake walipwe shilingi milioni 5. Kuandikwa ni jambo moja na kulipwa ni jengine, na kila mwenye madai anajua umbali uliopo kati ya fomu na pesa. George Adamson, mtu mmoja asiye na utajiri, alilipa mbuzi wa jirani zake katika mwaka ule ule. Serikali nzima haina sababu ya kushindwa.

Na kila tunapoambiwa kwamba sehemu fulani ya msitu au ufuo wetu inatengwa kwa ajili ya wanyama, au kasa, au matumbawe, tusikatae kwa hasira na tusikubali kwa usingizi. Tuulize maswali ambayo Wameru wangepaswa kuulizwa kwa sauti zaidi: nani anatoa, nani anapata, na jina la nani litaandikwa mlangoni. Hifadhi inayowaheshimu jirani zake itadumu. Isiyowaheshimu itasimama kwa bunduki, na bunduki huishiwa na risasi.

Mwenye nafasi aende Meru. Si mbali kama tunavyodhani, na gharama ya kuingia kwa Mkenya ni nafuu kuliko ya mgeni. Aende na watoto, apite Maua anywe chai na wenyeji, awasikilize kwanza wao, kisha ndipo ateremke kwa simba. Akifika kando ya Ura atakuta mawe, kivuli, na maji yanayokwenda zao kuutafuta Mto Tana, na kutoka hapo mpaka kwetu.